Magamba Kumi na Moja ya Chaza

Jumamosi, 21 Septemba

Nimepoteza nafasi yangu barzani. Jana, Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri, kahawa ikiwa bado ya moto. Naandika mapema, kabla watu hawajaanza kuieleza habari hii kwa namna yao.

Nafasi yenyewe ni pembe ya barza ya Bi Thuwaiba, pale ukuta wa nyumba yake unapokutana na mlango. Mgongo unaegemea. Jua la mchana halifiki. Kificho muuza kahawa hulitua dele, birika lake, hapo hapo, kwa hiyo kikombe cha kwanza ni cha aliyekaa pembeni, atake asitake. Sehemu nyengine zote za barza ile ni jiwe tu.

Nilipokuja mjini kutoka Tumbatu nilikaa juu ya ndoo. Ndoo yangu mwenyewe, ya pweza. Baada ya miaka, ngazi ya mlango, ambapo kila anayeingia anakukanyaga. Kisha ukingoni, nusu ya mwili nje. Pembe niliipata alipofariki mzee aliyekuwa akiikalia, Mungu amrehemu, na hata hapo nilingoja arubaini ipite. Leo nina magari mawili ya barafu. Nasambaza kamba, pweza na chaza kwenye mahoteli, Mbweni mpaka Nungwi. Nyumba nimejenga Mpendae. Lakini Mpendae hapana mtu anayejua kwamba nilianza na ndoo. Barzani wanajua. Mtu akipanda bila ya mashahidi hakupanda.

Mambo yalikuwa hivi. Ayoub, fundi cherehani, aliuliza hili neno oyster la Waingereza limetoka wapi, kaliona kwenye kibao cha mkahawa mpya. Nikajibu mimi. Nani mwengine? Nimeuza chaza miaka ishirini. Nikasema ni jina la mtu. Bwana Oyster, Mwingereza wa zamani, alikaa ufukweni Dar es Salaam, akawapenda mno chaza, basi pwani ikaitwa kwa jina lake na chaza nao wakaitwa hivyo hivyo. Nimewaeleza wapishi wa mahoteli yote hadithi hii, na hakuna hata mmoja aliyenirudishia mzigo.

Maalim Mabrouk akakohoa. Huyu ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Akikohoa, ujue kengele imelia na darasa limeanza. Akasema Waingereza wamelipokea neno kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Warumi, Warumi kwa Wagiriki, ambao yeye huwaita Mayunani, na kwa Mayunani lilikuwa ndugu ya neno la mfupa. Neno limepita mikono minne kabla ya kumfikia mtumiaji! Najua biashara ya namna hiyo. Nikamuuliza basi neno chaza lenyewe limetoka wapi. Akasema hajui. Nikawauliza wote. Shaame, bin-ami yangu, akasema limetoka baharini. Wakacheka. Hicho kicheko kilikuwa changu kwa haki, lakini sijui vipi kikaniangukia mimi.

Niliinuka niape kwamba Bwana Oyster alikuwepo. Mtu haapi amekaa. Kificho akasema: “Maalim, egemea hapo pembeni, goti lako hilo.” Maalim akaegemea. Nilipomaliza kuapa sikuwa na pa kukaa. Nikasimama mpaka Magharibi nikijifanya nasoma simu.

Shaame alinisindikiza akinituliza. Aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani, kaniambia. Nikamwambia ngamani keshakaa mtu.

Nilimweleza mke wangu, Bi Shemsa. Akauliza kama lile jiwe limehamishwa. Nikasema hapana. Akauliza sasa kilichopotea ni nini. Hajawahi kukaa barzani huyu.


Jumapili, 22 Septemba

Nimeamka na nia moja tu, kumkuta Maalim na kosa. Nikakaa uani na simu. Bahati mbaya, yuko sawa. Mikono yote minne ipo, na mfupa upo, kwa ajili ya ugumu wa gamba. Bwana Oyster hatajwi popote. Nilimtafuta kwa kila namna ya kumwandika.

Lakini! Chini kidogo nikakutana na ndugu mwengine wa neno lile lile. Mayunani wa mji wa Athens, wakimchoka mkubwa wao mmoja, walikuwa wakikusanyika na kila mtu akaandika jina la anayemtaka aondoke. Hakuna mashtaka. Hakuna utetezi. Mwenye kura nyingi anafunga virago, miaka kumi, haonekani mjini. Na jina la desturi hiyo limezaliwa tumbo moja na chaza! Palikuwa na picha ya kitu cheupe kama gamba, kina maandishi juu yake. Nilikuwa nashuka nisome zaidi, simu ikazima. Haidhuru. Nilichokihitaji nilishakipata.

Tazama uzuri wake. Kanipiga kwa neno. Nitamwondosha kwa neno hilo hilo.

Kanuni nimezipanga kichwani. Kila mtu gamba moja la chaza, jina moja. Asiyetakiwa haji barzani siku kumi, maana miaka kumi ni ukatili na Maalim ana umri. Hakuna kujitetea. Hakuna rufaa. Hiyo ya rufaa nimeiongeza mwenyewe. Namjua Maalim, angekata rufaa mpaka kwa Mayunani.

Wanabarza ni kumi, pamoja na Kificho. Nahitaji sita.

Jioni nilikwenda Mbweni, hoteli moja ninayoiuzia. Msabah, mpishi wao, kanipa gunia zima la magamba. Hakuuliza kitu. Mtu anayetaka kukutolea taka haulizwi. Gari inanuka.


Jumatatu, 23 Septemba

Nimelitoa pendekezo barzani, nikiwa nimesimama. Maalim alikuwa pembeni, kaegemea kama aliyezaliwa pale.

Nilijifanya mwanafunzi. Nikasema Maalim katufunza neno, na elimu bila ya vitendo ni hasara, basi tuijaribu desturi ya Mayunani, mara moja tu, Ijumaa baada ya Alasiri. Nilitarajia atakataa. Alifurahi! Alisema katika miaka yake yote ya kusomesha hii ni mara ya kwanza mtu kwenda nyumbani na kuendelea na somo kwa hiari yake. Macho yalimlainika. Nikaangalia pembeni.

Akataka kuongeza jambo juu ya magamba. Nikamwambia mada imefungwa.

Wote wakakubali. Ayoub akauliza je, kama kila mtu atapata kura moja moja? Nikamwambia hilo halitatokea. Akauliza nimejuaje. Nikaomba kahawa.

Bi Thuwaiba akafungua dirisha la ghorofani. Tukamwamkia wote kwa pamoja, akaitikia marahaba moja kwa sote. Akauliza kama na yeye kahesabiwa, maana ukuta ni wa nani? Basi kumi na moja. Nikapiga hesabu pale pale. Zaidi ya nusu ya kumi na moja bado ni sita. Haikuharibika kitu.

Nimerudi nyumbani, gunia halipo. Mdogo wake Bi Shemsa alipita, akaona magamba, akasema kuku wake wanataga mayai laini. Kachukua gunia lote. Nilipompigia simu nilisikia kinu. Twanga, twanga. Nikamwomba aniachie kumi na moja tu. Akasema, “Shemeji, yashakuwa unga haya, n'kuletee kikombe?”


Jumatano, 25 Septemba

Nungwi. Kule yuko Bi Riyama, mkubwa wa kina mama wanaoniokotea chaza. Nilifika na ndoo nikitaraji kuwakuta pwani. Hapana mtu. Bahari imejaa mpaka kwenye mawe, imetulia, haitoki.

Nilimkuta uani anasuka ukili. Kaniangalia mimi, kaangalia ndoo.

“We Ubwa, Mtumbatu mzima waja kuokota na maji mafu? Maulidi si juzi tu? Hesabu na vidole!”

Nikahesabu. Maulidi mwezi kumi na mbili, leo mwezi ishirini na moja. Maji mafu kabisa. Bamvua, maji yanapotoka mbali, ni mpaka mwezi uandame. Mtoto mdogo wa kwetu haulizwi jambo kama hili. Nimeliandika hapa kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Ana lundo la magamba ya zamani nyuma ya jiko, ameyatandaza njiani kuzuia tope. Alinipa ruhusa, ila niokote mwenyewe. Nikainama. Kina mama wa jirani wakaja kuangalia mwenye magari mawili anaokota njia ya mtu.

Alitaka kujua ya nini. Nilimweleza Mayunani, kura, siku kumi. Alicheka mpaka ukili ukamtoka. Alisema wao wakimchoka mwenzao hawaandiki kitu. Siku ya kwenda pwani wanapita njia nyengine tu, hawabishi hodi kwake. “Atajua mwenyewe.” Nikamwambia hiyo haina hesabu. Akasema ndiyo uzuri wake.

Nimechagua magamba ya juu, yale ya bapa, kwa sababu ya chini yana bonde na kalamu inateleza. Kumi na moja, na ya akiba. Nimeyaosha kwa sabuni, ndimu, tena sabuni. Bi Shemsa kasema sasa yananuka chaza aliyekoga.


Alhamisi, 26 Septemba

Kampeni. Mtu mmoja mmoja, kwa adabu, wala sikumtaja Maalim kwa ubaya. Nilisema tu kwamba goti lake linahitaji mapumziko, na Mungu katuletea njia.

Ayoub: inshaallah. Moja.

Kificho alikuwa anasuuza vikombe. Kasema, “Wewe tena, Ubwa!” Mbili.

Wacheza dhumna wanne nilikwenda nao pamoja kuokoa muda. Mmoja kasema haina neno, mmoja inshaallah, mmoja Mungu akijaalia, wa nne kaweka kete kwa kishindo na kutikisa kichwa kwa chini. Sita.

Wakil, mwenye duka la vitabu, na ndugu yake: inshaallah, inshaallah kheri. Nane.

Shaame kaniuliza hivi kweli mimi wa kumwomba yeye kura? Damu moja? Kaka mtu kwa mdogo mtu? Huyu ni wa kuhesabiwa mbili, lakini nataka haki. Tisa.

Nikabaki na Bi Thuwaiba. Nikasimama chini ya dirisha na kilo mbili za kamba. “Shikamoo Bi Thuwaiba.” “Marahaba, mwanangu.” Kateremsha kikapu chake kwa kamba kama anavyoteremshia mkate, kakipandisha, kawaangalia kamba wa pwani mmoja mmoja. Kisha kasema Mungu atamwonyesha anayestahiki. Kumi.

Angalia! Kumi. Nilikuwa nimejisahau mwenyewe. Na wanabarza wote ni kumi na moja pamoja na Maalim. Nikahesabu upya, kwa utulivu, nikakuta wa dhumna ni watatu tu, mmoja nilimwandika mara mbili: yule wa kishindo ndiye huyo huyo wa Mungu akijaalia. Basi tisa wao, wa kumi mimi. Kumi kwa moja. Hata Mayunani sidhani kama walipata matokeo kama haya.

Bi Shemsa aliuliza wangapi wamesema ndio. Nikamwambia kumi. Akauliza wangapi wamesema “ndio”. Sikuelewa swali.


Ijumaa, 27 Septemba

Nitaandika kwa ufupi na bila ya hasira.

Nilifika mapema kugawa magamba na kalamu. Paka wa mtaa mzima walinifuata tangu nilipoegesha gari. Nilivaa kanzu mpya. Pembe nilikuwa nimeipangia namna ya kukaa: kwanza nisikae, niiache kidogo, nijifanye siioni.

Kila mtu aliandika kageuka. Kura ya Bi Thuwaiba ilipanda kwa kikapu na kurudi kwa kikapu, imefungwa kwenye kitambaa. Kaifukiza udi kwa sababu ya harufu. Kura ya siri inayonuka udi! Yote yakatiwa kwenye ndoo. Ndiyo, ile ndoo. Niliileta makusudi, kwa ajili ya historia.

Ayoub akahesabu. Akatoa gamba la kwanza, akasema: “Ubwa.”

Nikasema, “Naam.”

Akalitazama tena. Akasema: “Ubwa.”

Nikasema, “Naam, nakusikia, soma.”

Watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Akatoa la pili, Ubwa. La tatu, Ubwa. Hapo sikuitika tena. La nne lilikuwa la udi. Lilifika puani kabla ya kufika masikioni. La saba lilikuwa na jina langu kamili, na jina la babangu, kwa mwandiko wa Shaame, anayeandika kama anafunga kamba. Pale mwisho yakaja mawili mfululizo ya Maalim Mabrouk. Moja ni langu. Moja lina mwandiko wa kulala, herufi zimeshikana mikono, nukta mahali pake. Mwandiko ule mji huu una mtu mmoja tu mwenye nao.

Kajipigia mwenyewe.

Tisa kwa mawili. Nikataka tuhesabu tena, tukahesabu tena. Nikataka nihesabu mimi, nikahesabu mimi. Sijawahi kuchukia kuwa hodari wa hesabu kama leo.

Nikamgeukia Shaame. Akasema, taratibu, kama anamwambia mgonjwa: “Bin-ami, watu wote hawa umewafata majumbani mwao uwaombe wamfukuze mwenzao. Maalim hakumfata mtu.” Nikamwambia aliniahidi. Akasema hakuniahidi, aliniuliza. Nikamwambia Ayoub alisema inshaallah! Ayoub akasema ndiyo, na Mungu hakupenda.

Hapo Maalim akakohoa. Akasema kura hii kwa kweli haisimami. Mayunani hawakuandika kwenye magamba ya chaza. Walitumia vigae, mitungi iliyovunjika. Vigae vina jina la ukoo mmoja na gamba la chaza kwa ugumu wao, basi watu wengi huchanganya. Chaza wenyewe waliwala tu. Alitaka kunieleza Jumatatu nikafunga mada. Kwa hiyo, alisema, chombo si chombo, kura si kura, na Ubwa akae kitako tunywe kahawa. Akainuka pembeni, kwa goti lile, akanionyesha pa kukaa kwa mkono.

Watu wote wakashusha pumzi. Kificho alikuwa keshamimina kikombe.

Ningekaa tu. Naiandika hii kwa sababu ni kweli. Hatua mbili na ningekuwa nimekaa.

Lakini kukaa kwa hisani ya Maalim! Kila siku nikiegemea ukuta ule nikumbuke mkono ule ulionionyesha. Nikasema kanuni ni kanuni, na hakuna rufaa. Nikasema mimi ndiye niliyeitunga. Nikachukua ndoo yangu nikaondoka. Paka wakanifuata.


Jumamosi, 28 Septemba

Mpendae. Siku ya kwanza.

Baada ya Alasiri nilitoka nje ya geti nikakaa juu ya ndoo. Niliona pikipiki mbili na mtu anayeuza mafagio. Muuza mafagio aliniamkia. Nilimuuliza kama anajua neno oyster limetoka wapi. Akasema ana mafagio ya ndani na ya nje.

Simu haikulia. Naelewa. Wanaona haya.


Jumatatu, 30 Septemba

Simu haikulia. Niliipeleka kwa fundi. Nzima.

Nimesikia kwa dereva wangu kwamba binti wa Ayoub kaposwa, na barza nzima ilikwenda kupeleka majibu Jumapili. Mtu mmoja mmoja alipitiwa mlangoni kwake. Miaka yote hii posa yoyote ya barza ile mimi ndiye ninayesema maneno ya kufungulia. Wamemtumia Wakil. Dereva kasema alisahau katikati, akaanza tena.

Bi Shemsa kaleta chai nje, kakaa ngazini karibu na ndoo. Baadaye kasema, kwa nini nisiende tu? Nikamwambia hukumu ya Mayunani haivunjwi. Kaniambia Mayunani wale wameshakufa wote.


Jumanne, 1 Oktoba

Kaja mtu wa kubisha hodi. Maalim Mabrouk! Kashuka daladala njia kuu na kuja kwa miguu, anachechemea, chupa ya chai mkononi. Ndani yake kahawa ya Kificho. Kifuko cha kashata kutoka kwa Ayoub, za posa.

Nilimpa kiti, mimi nikakaa juu ya ndoo, asije akasema nimebadilika.

Alieleza kwamba pembeni hapana aliyekaa tangu Ijumaa. Yeye karudi mahali pake pa zamani, jiwe tupu, goti na lisumbuke. Bi Thuwaiba kateremsha chungu cha mrehani kiwekwe pale pembeni, asikae mtu. Dhumna inachezwa kimya. Wakil alipoharibu maneno ya posa, wazee wa upande wa pili waliuliza yule Mtumbatu wenu yuko wapi. Ayoub alijibu yuko safarini.

Nikamuuliza kwa nini alijipigia kura. Akasema alidhani kila mtu atapata jina moja au mawili, basi akaona aibu kuandika jina la mwenzake, na la kwake alikuwa analijua kuliandika. Kisha akasema nirudi kesho. Siku kumi ulikuwa mchezo. “Rudi, Ubwa. Kahawa inapoa pale, hakuna wa kuanza nayo.”

Nilimpeleka kwa gari mpaka mlangoni kwake. Njiani tulizungumza habari za goti.

Alipoteremka nilibaki kwenye usukani nikitafakari. Chungu cha mrehani. Dhumna kimya. Posa nusura ivunjike. Mwalimu mzima kutumwa Mpendae kwa mguu mmoja. Hii ni nini kama si kushindwa kwao? Mtu anayebembelezwa ana nguvu. Mtu mwenye nguvu haingii bila ya masharti.

Na jambo la pili, ambalo nimelikosa siku zote hizi kwa kumtazama Maalim. Nani alisema, Maalim, egemea hapo pembeni? Nani?


Jumatano, 2 Oktoba

Kificho!

Kila kitu kinaelekea kwake. Yeye ndiye anayelitua dele pembeni. Yeye ndiye aliyemkalisha Maalim. “Wewe tena, Ubwa!” Sasa naisikia vizuri ile sauti. Maalim hana kosa, mtu mwema yule, nilimdhania vibaya na nimeshamsamehe.

Barza inahitaji kura ya pili, ya halali, kwa vigae, kama walivyofanya Mayunani wenyewe. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa chombo tu. Vigae ninavyo. Mtungi wa Bi Shemsa ulikuwa na ufa tangu zamani, karibu na shingo, mtu akiutazama kwa makini. Kumi na moja vizuri, na vya akiba. Havinuki. Kahawa itauzwa na nani baada ya hapo tutaangalia baadaye, si vizuri kuchanganya mambo mawili.

Leo sikwenda. Badala yake nimewaandikia kwenye kundi la simu la barza, wote kwa pamoja, kwa adabu. Narudi Ijumaa, pembe iwe yangu kwa kudumu, mrehani uhamishwe, na baada ya Alasiri tumpigie Kificho kura. Namtaja kwa jina kwa sababu mimi si mtu wa kusema nyuma ya migongo.

Mpaka sasa hivi Ayoub amejibu inshaallah. Wakil, inshaallah kheri. Shaame kaweka alama ya mkono juu ya uso, nayo naichukua kama kiapo. Bi Thuwaiba hana simu, lakini nitapita na kamba. Kificho mwenyewe kajibu, “Wewe tena, Ubwa!”, kwa hiyo hata yeye yumo. Tano, na bado Isha haijaadhiniwa.

Waliobaki nimewaandikia tena, kwa herufi kubwa. Sitaki mafumbo. Nataka jibu la moja kwa moja, ndio au hapana, kila mtu kwa jina lake, kabla ya adhana ya Magharibi kesho Alhamisi. Inshaallah nazihesabu ndio.